Mtani Aliyeomba Radhi

Neema alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa nimeinama juu ya meza nakata suruali ya mteja, akaniambia baba yake ametutoka. "Fundi Elia?" nikauliza, utadhani ana baba wengine. Akasema ndiyo, dada Minza, alfajiri, usingizini, huko huko Dodoma. Halafu, na sauti imemkauka kwa kulia, akaongeza: "Na nyie watani wa Mwanza mnakuja lini? Au mpaka tuwatumie ng'ombe wa kuwavuta?" Nikacheka, naye akacheka, kisha tukalia wote wawili kwenye simu mpaka mteja akatoka nje kwa adabu. Sikukata tena kitambaa siku ile. Nilikaa kwenye stuli nikaufikiria mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na kukaa kwenye baraza lake, na jambo alilolifanya mwisho wa mwaka huo ambalo mpaka leo, kichwa kimejaa mvi, sijamwona mtu mwingine akilifanya. Watu wanaomba radhi kila siku, najua. Mimi mwenyewe nimeombwa nyingi. "Samahani kama nimekukwaza." Kama! Hiyo "kama" hunichefua. Fundi Elia hakuwa nayo.

Nilivuka ziwa kutoka Kamanga kuja Mwanza mwanzoni mwa Januari, begi mkononi na kifurushi cha michembe, viazi vitamu vya kukausha, ambacho mama alinifungia ili nisife njaa mjini. Baraza lilikuwa la duka la vitambaa la Bi Zuhura, katikati ya mji. Palikuwa na vyerehani vinne, pasi ya mkaa, na meza ya kukatia iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani ambao kitasa chake hakuna aliyejisumbua kuking'oa. Fundi Elia alinitazama juu ya miwani, akakitazama kifurushi, akaita kwa sauti: "Bi Zuhura! Njoo uone, Msukuma amekuja na chakula cha mifugo!" Mafundi wote wakageuka. Nami sikukawia: "Kwetu mifugo inakula michembe, kwenu Ugogo hata watu wanakula vumbi." Baraza zima likaangua kicheko. Yeye akavua miwani, akaifuta, akasema, "Huyu anafaa." Ndiyo ikawa usaili wangu. Mimi Msukuma, yeye Mgogo, na sisi na wao ni watani tangu enzi za mababu: ananitukana nacheka, namtukana anacheka, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Nilikuwa nimekuja mji nisioujua, na kabla sijakaa chini nikawa nimeshapata mtu wa kunitania. Nilijisikia nyumbani siku ile ile.

Alikuwa mwalimu wa ajabu. Hakuwahi kuniambia nimeharibu. Alikuwa anashika nguo, anapitisha vidole kwenye mshono, anasema "Fumua" kwa sauti ya mtu anayekuomba chumvi, na wewe unafumua mara tatu, mara nne, mpaka siku anaishika na kuirudisha bila neno, na hapo unatamani kuruka. Kitu kimoja tu hakumpa mtu: mkasi. Kukata kulikuwa kwake peke yake. Mchana Mama Neema, mkewe, alileta ugali wa mtama, mlenda wa kukausha alioletewa kutoka kwao, na dagaa wa hapa hapa ziwani, tukala kwenye sinia moja ndani ya stoo ya Bi Zuhura, majora ya khaki yametuzunguka mpaka darini. Stoo ile ilitengwa na duka kwa pazia tu. Tulitafuna kimya tukisikiliza wateja wakibishana bei na Bi Zuhura, na Fundi alikuwa akitunong'oneza mteja atanunua mita ngapi kabla mwenyewe hajasema. Sijawahi kula vizuri kama pale, na nimekula harusi nyingi tangu hapo.

Mwezi wa tano akaanza kuongea sana. Msemaji alikuwa tangu zamani, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Alifika barazani kabla ya adhana ya alfajiri. Alipokea kila kazi iliyopita mbele yake: sare za shule, mapazia, majoho ya kwaya mbili kwa mpigo. Na utani wake ukaota meno. Bi Zuhura mama yake alikuwa Mnyamwezi, naye kwa hiyo alihesabika mtani, lakini kila mtu pale alijua kitu kimoja ambacho hatanii mtu: hakujaliwa mtoto. Siku moja, mbele ya wateja sita, Fundi akamwambia, "Wewe unapima vitambaa vya watoto wa wenzako, wa kwako umempimia wapi?" Wateja wakacheka. Bi Zuhura naye akacheka, akapiga na makofi, kisha akaingia stoo, nami niliyekuwa nyuma ya pazia nikamwona akijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Nilirudi kwenye cherehani changu nikijiambia, aa, watani hao, watajuana.

Hilo ndilo kosa letu, na ni kosa la watu wa kwetu hasa. Mtu wa kabila jingine angemtazama Fundi Elia siku mbili akasema huyu haumwi kweli? Sisi tulikuwa na jina tayari kwa kila alichofanya. Akipayuka, utani. Akimtukana mteja, utani. Akiimba juu ya meza ya kukatia, loo, Mgogo leo kachangamka! Mama Neema peke yake ndiye hakucheka. Siku moja alikuja na chakula, akasimama akitusikiliza tunavyomchochea mumewe, akauliza, "Mnacheka nini?" Fundi mmoja akamjibu, "Mwache mtani wetu, Mama Neema, amechangamka." Akasema, "Hajachangamka. Anaumwa. Wiki ya tatu hii halali, anabishana na ukuta." Akakusanya vyombo vya jana akaondoka. Nakiri kwamba alipopinda kona tulicheka tena, na mimi nilikuwemo. Naandika hili kwa aibu.

Mwezi wa sita, siku ya Jumanne, mwanamke mmoja muuza dagaa aliyekuwa akivuka kila siku aliniletea kikaratasi kutoka nyumbani, upande wa Sengerema. Dada yangu Kabula alikuwa ameandika mstari mmoja: mama anaumwa sana, njoo upesi. Nilikisoma mbele ya Fundi. Akasema haraka haraka, macho yanang'aa, "Majoho kumi na manne yamebaki. Malizia, Jumamosi uvuke. Malizia, na wiki ijayo nakupa mkasi." Kila mtu akisikia kisa hiki huniambia, maskini, alikulazimisha. Hakunilazimisha. Niliutaka ule mkasi. Nikainamisha kichwa nikashona Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na Ijumaa asubuhi akaja mtu mwingine na habari kwamba mama amefariki. Kwenye kivuko nilisimama ukingoni nikitengeneza uongo. Kabula alinipokea mlangoni akaniuliza kitu kimoja tu, "Karatasi yangu ilikufikia lini?" Nikasema jana jioni. Akanikumbatia, akasema, "Basi, mdogo wangu, usijilaumu." Tukakaa chini ya kanga moja siku mbili, tunalia pamoja, na kila aliponipapasa mgongo nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili watani walifika kutoka Mwanza, Fundi Elia mbele, amevaa joho la kwaya lisilo na mikono. Watani msibani ni dawa, wanajua kazi yao. Alijilaza kando ya kaburi akadai jogoo kwanza ndipo mama ashuke, na baba mkubwa Masanja, ndugu mkubwa wa baba yetu, akambembeleza huku akicheka na machozi yakimtoka. Watu walipata pumzi. Kisha akasimama, akaninyooshea kidole. "Na huyu Minza mnamlilia nini? Kaitwa tangu Jumanne! Karatasi kaisoma mbele yangu! Mama anakata roho, binti anakata uzi!" Wachache walicheka kwa mazoea. Halafu kicheko kikafa. Yeye akaendelea, akarudia mara tatu, nne, akiruka, mpaka vijana wakamshika. Kabula alinigeukia akasema, "Kweli?" Nikajivutia kanga usoni. Akajitoa kwenye kanga tuliyojifunika, akaniachia yote, akaenda kukaa na shangazi zetu upande wa pili. Kuanzia saa ile hakunisemesha. Nikituma salamu kwa muuza dagaa, zinarudi na muuza dagaa: amesema amesikia. Basi.

Fundi hakumaliza wiki mbili baada ya hapo. Shemeji zake walisafiri kutoka Dodoma, wakasaidiana na Mama Neema, akapelekwa hospitali, akalazwa mpaka mwisho wa Agosti. Barazani hatukutazamana usoni. Bi Zuhura alikifunika cherehani cha Fundi kwa shuka safi na hakuruhusu mtu akikalie. Fundi alirudi Septemba, amekonda, anatembea taratibu, chupa ya maji haimtoki mkononi kwa sababu vidonge vilimkausha koo. Mafundi wakampokea kwa shangwe, "Mgogo karudi, ficheni chakula!" Akatabasamu tu. Akasubiri mpaka dukani pamejaa. Akaenda akasimama mbele ya Bi Zuhura, wateja wakiwa wamebanana, akasema, "Bi Zuhura, mwezi wa tano, hapa hapa, mbele ya watu, nilikutania kuhusu mtoto. Yalikuwa maneno mabaya na niliyasema nikijua yatauma. Naomba unisamehe." Bi Zuhura akaanza kupeperusha mikono, "Yaishe, Fundi, ulikuwa unaumwa, yaishe." Yeye akabaki amesimama. "Ndiyo, nilikuwa naumwa. Na wewe uliumia. Hilo la pili ndilo lililonileta." Mama wa watu akalia waziwazi safari hii, bila kukimbilia stoo. Akasema, "Nimekusamehe, kaka yangu." Hakuwahi kumwita kaka kabla ya hapo.

Alifanya hivyo kwa kila mmoja, pale pale alipomtukania, mbele ya watu. Lakini mambo mengine hakuyakumbuka. Ndipo siku moja akaniita stoo, akakaa juu ya jora, mikono yake imelala mapajani ikitetemeka, akasema, "Minza, msibani kwenu nilisema nini? Niambie neno kwa neno. Usinipunguzie." Nikamwambia aachane nayo, ilikuwa utani. Akasema, "Nakuomba, mwanangu." Basi nikamwambia. Kurudia maneno yale kwa kinywa changu kulinitoa jasho, na yeye alinitazama muda wote, hakuinamisha macho hata mara moja, mpaka nilipofika kwenye roho na uzi. Hapo akafumba macho. "Na dada yako?" Nikamwambia hatusemeshani. Akanywa maji, kisha akauliza kama pana siku watu wale watakusanyika tena. Nikamwambia Novemba tutajengea kaburi la mama. Akataka kumpelekea baba mkubwa barua ya kuomba ruhusa ya kuja, akaniomba nimwandikie mimi kwa sababu herufi zake zilikuwa hazisomeki.

Mkono wake ndio uliokuwa bei ya vidonge, na niseme jambo hili wazi kwa sababu watu wanaosema dawa za akili ni za kupoozesha watu hawakumwona. Mtu aliyekuwa anakata koti bila kuchora chaki sasa hakuweza kuushika mkasi mstari unyooke. Nilimsikia Mama Neema akimwambia, "Waombe wakupunguzie." Akasema, "Nitamwuliza daktari, lakini siachi. Nikiacha, mkono utatulia na mdomo utafunguka. Mimi nimeuchagua mdomo." Siku iliyofuata akaniita mezani, akaniwekea mkasi mkononi. Haukuwa tena ile zawadi aliyoniahidi mwezi wa sita; niliupokea nikilia. Alisimama nyuma yangu akiniongoza kwa maneno: ingia, zunguka, usiogope, kata. Kila suti niliyokata tangu hapo, mpaka hii leo, nimeikata kwa sauti yake.

Novemba tulivuka pamoja, mimi, yeye na Mama Neema. Nyumbani saruji ilikuwa imeshakorogwa, watu ni wale wale, na walipomwona wakaanza kushangilia mtani amekuja. Baba mkubwa Masanja akamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" akacheka, akamvutia kiti. Fundi Elia hakukaa. Akawasalimu wazee shikamoo mmoja mmoja, akamgeukia baba mkubwa, akasema, "Mzee, naomba leo nisiwe mtani. Nina neno." Baba mkubwa akainua mkono, "Aa, mtani wetu, kama ni lile la mwezi wa sita, hakuna kosa. Mtani haombi radhi, tangu lini? Kaa, chakula kinakuja." Na shangazi mmoja akadakia kwa huruma, "Na tena tumesikia ulikuwa mgonjwa, baba. Mgonjwa hashtakiwi." Wote wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Walikuwa wanampenda, walitaka akae ale. Mtu mwingine yeyote angekaa. Mimi ningekaa.

Akabaki amesimama, mikono yake inatetemeka mbele ya watu wote na hakuificha. "Nimewasikia, wazazi wangu, na nashukuru. Lakini utani ni wa kumpoza mfiwa, na mimi nilimchoma. Huo haukuwa utani. Na ugonjwa, ndiyo, niliumwa, naumwa bado, nakunywa dawa. Nimemwuliza daktari, katika niliyoyafanya, lipi ni la ugonjwa na lipi ni langu? Akaniambia hakuna mkasi wa kukata hapo. Basi nayachukua yote. Minza alinieleza habari ya mama yake Jumanne. Mimi ndiye niliyemwambia abaki amalize majoho. Hilo sikulisema siku ile. Nilisimama kwenye kaburi hili nikamtupia yeye peke yake kosa ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa yangu." Akanigeukia, akapiga magoti, mwanaume wa makamo, mbele ya kaka zangu na wajomba zangu. "Minza, nilikudhalilisha ukiwa umefiwa. Nisamehe." Kisha akamgeukia dada yangu, bado amepiga magoti. "Kabula, niligeuza msiba wako kichekesho siku ya kumzika mama yako. Nisamehe na wewe." Hakuomba tupatane. Hakusema lolote kuhusu sisi wawili. Alimaliza, akasubiri.

Nilimwinua kwanza, nikamwambia nimemsamehe, na ilikuwa kweli. Lakini miguu yangu haikutaka kukaa tena. Ningewezaje? Mtu aliyekuwa na visingizio viwili vizuri, watu wanamwekea mkononi, amevikataa vyote. Na mimi mwenye akili zangu nimejificha nyuma ya uongo wa karatasi. Nikasema, "Kabula, aliniambia nibaki, lakini nilibaki mwenyewe. Alikuwa ameniahidi mkasi, nikautaka. Karatasi yako niliipata Jumanne, nikakudanganya mlangoni, nikakaa siku mbili chini ya kanga yako nikijua." Mwashi aliyekuwa anakoroga saruji aliliacha koleo lake limesimama peke yake.

Kabula alikuwa amesimama upande wa jikoni na mwiko mkononi. Akampa shangazi mwiko, akaja mpaka tulipokuwa. Akamwambia Fundi Elia, "Nimekusamehe, Fundi," akampa mkono, akaushika ule mkono unaotetemeka kwa mikono yake yote miwili mpaka ukatulia kidogo. Kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, na uso wake ukaanza kukunjamana kwa kilio.

"Miezi mitano nimekurudishia salamu zako," akasema. "Na mimi siumwi. Usiku nalala vizuri. Chakula nakula. Hakuna daktari aliyenipa kidonge hata kimoja. Mimi nitasingizia nini, Minza?"